Kibaba na Mizani

Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba yajulikana na kila mtoto wa shule, lakini ni wachache siku hizi waliokiona hicho kibaba chenyewe kwa macho yao. Kibaba kilikuwa chombo cha kupimia nafaka katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Vibaba viwili vilifanya kisaga kimoja, visaga viwili vilifanya pishi, na pishi 60 zilifanya jizla. Mpunga, mtama, kunde, mahindi, vyote vilipimwa kwa chombo hicho, naye mwenye kununua alisimama karibu na kutazama sana mkono wa mwenye kupima. Maana palikuwa na njia mbili za kukijaza. Kibaba cha mfuto ni kile kilichojazwa, kisha nafaka iliyozidi ikafutwa kwa kijiti au kwa kiganja mpaka ikawa sawasawa na ukingo. Kibaba cha tele ni kile kilichoachwa kikafurika na kufanya lundo juu. Mtu aliyekopa kwa tele na kulipa kwa mfuto hakukopeshwa mara ya pili.

Mizani nayo ilikuwapo tangu zamani. Wakia 16 zilifanya ratli moja, ratli tatu zilifanya mani, na mani 12 zilifanya frasila, ambayo ni karibu kilo 16 za siku hizi. Pembe za ndovu na karafuu za Unguja ziliuzwa kwa frasila. Basi mali iliyopanda jahazini ilikwenda kwenye mizani, na chakula cha nyumbani kilikwenda kwenye kibaba. Wala haikuwa ujinga. Mizani ilikuwa ghali, tena ilitaka mtu wa kuitunza, hali chombo cha kupimia chaweza kufanywa na fundi yeyote wa mbao. Na mama wa nyumbani hakuwa na haja ya kujua mchele wake una uzito gani. Haja yake ilikuwa kujua kama watu wanane watashiba.

Hata leo Waislamu wa pwani, wanapotoa zaka ya fitri mwishoni mwa Ramadhani, hutaja pishi moja ya chakula kwa kila mtu. Lakini dukani hakuna pishi tena, kuna kilo. Kwa hiyo kila mwaka watu huulizana pishi ni kilo ngapi, na wengi husema ni kilo mbili na nusu hivi. Wengine husema zaidi, wengine husema pungufu, na mtu asiyejua jambo hili hudhani ya kuwa mmoja wao amekosea hesabu. Yawezekana wote wamepima sawasawa, ila huyu alipima mchele, na yule alipima unga, na mwingine alipima tende.

Hapo ndipo penye shina la jambo lenyewe. Chombo huuliza swali moja, na mizani huuliza swali jingine. Chombo huuliza, kitu hiki chachukua nafasi gani? Mizani huuliza, kitu hiki ni kizito kadiri gani? Hayo ni maswali mawili, na hakuna hesabu moja iwezayo kuyageuza majibu ya swali la kwanza yawe majibu ya swali la pili kwa kila kitu. Kila kitu kina hesabu yake.

Maji ndiyo yaliyowadanganya watu wengi. Mwaka 1795 Wafaransa walipotengeneza vipimo vyao vipya, waliamua ya kuwa gramu iwe uzito wa maji yajazayo kijisanduku chenye urefu, upana na kimo cha sentimeta moja moja. Kwa hiyo lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, wala si kwa bahati, bali kwa kuwa vipimo vilifanywa makusudi viwe hivyo. Mtu akisha kuzoea hesabu hii nyepesi, huipeleka kwenye unga, akasema kikombe cha robo lita kina robo kilo. Akioka mkate kwa hesabu hiyo, mbwa ndiye atakayeufurahia.

Kikombe cha robo lita, yaani mililita 250, kikijazwa mfuto, huwa na maji gramu 250. Kikijazwa sukari nyeupe, huwa na kama gramu 210. Mchele mkavu ni kama gramu 200, na maharagwe makavu hayapitani sana na mchele. Chumvi laini ni karibu gramu 300, maana chumvi ni jiwe, ingawa husahauliwa kwa sababu hutiwa kidogo. Unga wa ngano ukitiwa taratibu kwa kijiko huwa kama gramu 125 tu, yaani nusu ya maji.

Kwa nini unga uwe mwepesi hivyo? Unga wenyewe si mwepesi. Chembe moja ya unga huzama katika maji. Wepesi huo watoka katika hewa iliyo kati ya chembe na chembe. Mwanafunzi na achukue glasi, aijaze maharagwe mpaka ukingoni. Atasema imejaa. Kisha amimine maji humo polepole, naye atashangaa kuona maji yanaingia, tena yanaingia, hata theluthi nzima ya glasi na zaidi. Nafasi yote hiyo ilikuwa ya hewa. Katika kikombe cha unga hewa ni nyingi zaidi: yapita nusu ya kikombe. Basi apimaye unga kwa kikombe hupima vitu viwili pamoja, unga na hewa, na hewa haishibishi mtu.

Wanawake waendao kinuni wanajua jambo hili bila kufundishwa. Debe la mahindi likisagwa hurudi nyumbani likiwa debe la unga na kitu juu yake, na mtoto aliyetumwa hudhani mwenye mashine amewafanyia hisani. Hakuna aliyeongeza kitu. Uzito ni ule ule, tena umepungua kidogo kwa vumbi lililoruka. Kilichozidi ni nafasi, kwa kuwa kila punje imevunjwa vipande elfu, na kila kipande kinataka mahali pake pa kukaa.

Tena unga haukai katika hesabu yake hata ukiwa peke yake. Ule ule wa gramu 125, mtu akichovya kikombe ndani ya mfuko na kuubana ukutani mwa mfuko, utafika gramu 150 au 160. Ukichekechwa kwanza, hupungua tena. Kikombe kikigongwa mezani mara tatu, unga hushuka, na nafasi hupatikana ya kuongeza vijiko viwili. Kwa hiyo wapishi wenye uangalifu hutofautisha mambo mawili ambayo masikioni hufanana sana: kupima kikombe cha unga kisha kuuchekecha, na kuuchekecha unga kisha kupima kikombe. Mambo hayo hutoa mikate miwili mbalimbali. Chumvi nayo ina mambo yake. Chumvi ya mawe iliyovunjwa huacha mapengo makubwa kati ya vipande, na kijiko chake huwa na uzito mdogo kuliko kijiko cha chumvi laini. Tena mvua za masika zikija, chumvi hunywa maji ya hewani, ikawa nzito.

Mambo hayo ya jikoni huwa mambo ya haki yakifika sokoni. Debe lilikuwa kopo la mafuta ya taa, nalo lilichukua galani 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Mafuta yalipokwisha, watu hawakulitupa kopo, walipimia nafaka. Debe la mahindi makavu, likiwa mfuto, huwa na kilo 13 au 14 hivi. Likitikiswa vizuri na kutiwa tele, huongezeka kilo moja au zaidi. Mkulima akiuza madebe mia kwa tele na kulipwa bei ya mfuto, ametoa bure kilo mia au zaidi. Huko Kenya watu hupimia mahindi kwa gorogoro, kopo lililokuwa na kilo 2 za mafuta ya kupikia. Kwa kuwa kopo hilo lilikuwa na kilo 2 za mafuta, wengi huamini ya kuwa lina kilo 2 za mahindi. Lakini mahindi yana hewa katikati na mafuta hayana, basi likiwa mfuto halifiki kilo 2. Na wako wachuuzi wanaokibonyeza kitako cha kopo kikaingia ndani, wala macho ya mnunuzi hayakioni. Tanzania imekataza kwa sheria ile desturi ya lumbesa, ambayo ni kulishonea gunia kichwa juu yake ili libebe zaidi ya kipimo chake. Mkulima hulipwa kwa gunia, na mnunuzi akifika mjini huuza kwa kilo. Faida yake hukaa katikati ya vipimo hivyo viwili.

Mizani ingeyamaliza mabishano hayo yote, lakini vikombe na vijiko havitaki kuondoka duniani. Wamarekani hupika kwa kikombe mpaka leo. Mwaka 1896 mwalimu mmoja wa upishi katika mji wa Boston, jina lake Fannie Farmer, alitoa kitabu kilichosisitiza ya kuwa kikombe na kijiko vyote vipimwe mfuto, na kitabu hicho kikaenea sana. Hilo lilikuwa jambo jema, maana kabla ya hapo watu waliandika kitonge cha siagi kadiri ya yai, na mayai ya kuku hayafanani. Lakini kikombe cha Marekani ni mililita 237 hivi. Kikombe cha vitabu vya zamani vya Uingereza ni nusu painti, karibu mililita 284. Katika nchi nyingi nyingine kikombe ni mililita 250. Kijiko kikubwa cha Australia ni mililita 20, na cha watu wengine ni 15. Mpishi anayesoma kitabu bila kutazama kilichapishwa wapi anakwenda safari bila kuuliza njia.

Hata hivyo kikombe kina hekima yake, na si vizuri kukidharau. Ikiwa kila kitu katika chakula hupimwa kwa kikombe kimoja, ukubwa wa kikombe haudhuru. Kikiwa kikubwa, mkate utakuwa mkubwa. Kikiwa kidogo, utakuwa mdogo. Utamu wake ni ule ule. Kazi huharibika pale tu kinapoingia kitu kisichopimwa kwa kikombe hicho.

Jambo hili lilimpata bibi mmoja wa Tanga na wajukuu wake wawili. Bibi huyo alikuwa na sifa ya kuoka mkate wa kumimina, ule wa mchele uliolowekwa na kusagwa na tui, ukatiwa sukari, hamira na hiliki, ukaumuka kisha ukaokwa katika sinia. Mjukuu wake mkubwa alikuwa ameolewa, akahamia Maskati na mumewe. Bibi alikuwa amezeeka, macho yake yamefanya ukungu, wala hapakuwa na mtu mwingine nyumbani aliyejua mkate ule. Mabinti zake walizoea kuula tu. Basi yule mjukuu akapiga simu, akauliza unavyofanywa. Bibi akamwambia vikombe viwili vya mchele, tui zito la nazi mbili, sukari kikombe kimoja kasoro vidole viwili, na hamira kijiko kimoja cha chai. Mjukuu akaandika yote, akashukuru.

Baada ya siku mbili akapiga tena.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Haya, mkate umeumuka?”

“Haukuumuka, bibi. Umekuwa kama uji ulioganda. Nimeona haya mbele ya mama mkwe.”

“Ulitia vikombe viwili vya mchele?”

“Nilitia.”

“Kikombe gani?”

Hapo simu ikanyamaza. Kikombe cha bibi kilikuwa cha bati, cheupe, kimebanduka rangi ukingoni, na kila aliyelelewa katika nyumba ile alikijua. Lakini mjukuu alikuwa ametumia kikombe cha kahawa na maziwa alichokikuta katika kabati lake, kidogo kwa theluthi nzima. Mchele ukapungua, sukari ikapungua, lakini nazi mbili zilibaki nazi mbili. Tui likauzidi mchele nguvu.

Mjukuu mdogo, ambaye alikuwa bado shule, akasema, “Bibi, nipe kikombe chako, nikipime.”

“Kikombe kitapimwaje, nacho ndicho kipimo?”

Msichana akacheka, akakitwaa. Nyumbani hapakuwa na mizani, lakini palikuwa na mfuko wa mchele wa kilo moja, haujafunguliwa bado, na mfuko wa sukari wa kilo moja. Akafikiri ya kuwa mfuko uliokwisha kupimwa kiwandani ni mizani tosha. Akaufungua wa mchele, akajaza kikombe cha bibi mfuto, akamwaga katika ungo, akajaza tena, akahesabu. Kilo ile ilijaza kikombe mara tatu na nusu. Akagawa 1000 kwa tatu na nusu, akapata gramu 286 kwa kila kikombe. Basi vikombe viwili vya bibi vilikuwa gramu 570 na kidogo. Sukari ikajaza kikombe mara tatu na theluthi, yaani gramu 300 kwa kikombe. Kikombe ni kile kile, mkono ni ule ule, na hesabu ni mbili. Bibi akaketi akisikiliza mlio wa mchele katika ungo, akasema, “Sasa umejaza sana, futa kwa kidole.” Alijua kwa sikio.

Palibaki vile vidole viwili. Msichana hakuweza kuvigawa kwa hesabu, maana vidole vya bibi vilikuwa vyembamba kuliko vyake. Akamwomba bibi atie sukari mwenyewe kama atiavyo siku zote, kisha akakifunika kikombe kwa kitambaa, akaenda nacho dukani. Mwenye duka akakiweka kwenye mizani, akamwaga sukari katika karatasi, akapima kikombe kitupu, akatoa. Sukari ikawa gramu 190. Kisha msichana akaomba kikombe kipimwe kikiwa na maji.

“Maji nayo siku hizi huuzwa kwa kilo?” akauliza mwenye duka, lakini akapima. Maji yakawa gramu 350, na kwa kuwa ni maji, kikombe kikajulikana kuwa cha mililita 350. Bibi akakamua nazi zake mbili kama kawaida, na tui likapimwa kwa kikombe kile: kimoja na robo, yaani karibu mililita 440. Sasa hata nazi zilikuwa zimepata hesabu, wala haikudhuru kama nazi za Maskati zilikuwa kubwa au ndogo, mbichi au za kopo.

Habari ikapelekwa kwa simu, gramu kwa gramu. Mjukuu wa Maskati alikuwa na mizani ndogo ya jikoni, akafurahi sana. Akaloweka mchele usiku. Asubuhi akauchuja, akapima gramu 570 kamili, akasaga, akaoka. Mkate ukaja bora kuliko wa kwanza, lakini ulikuwa mlaini mno katikati, na sukari ilizidi.

Akapiga simu. Safari hii bibi hakuuliza juu ya kikombe. Akauliza, “Mchele uliupima lini?”

“Asubuhi, bibi, nilipouchuja.”

“Hee! Nani apimaye mchele uliolowa? Mchele hupimwa mkavu, mwanangu. Ukilowa umekunywa maji. Wewe umepima mchele na maji yake.”

“Hukuniambia, bibi.”

“Hukuniuliza. Ningejuaje kama hujui?”

Ilikuwa kweli kwa pande zote mbili. Mchele ukilala katika maji huongezeka uzito kwa robo au zaidi, na katika zile gramu 570 za mjukuu, zaidi ya gramu 100 zilikuwa maji. Lakini bibi alikuwa amepima mchele mkavu kwa miaka 50 na zaidi, na jambo ambalo mtu hakulifanya kwa njia nyingine hata siku moja, halimjii ulimini. Mjukuu mdogo akachukua daftari lake, na mbele ya zile gramu 570 akaongeza neno mkavu. Kisha akakaa na bibi jioni nzima, akamwuliza mambo ambayo mtu mzima angeona haya kuyauliza: hamira ni kijiko cha mfuto au cha tele? Sukari hutiwa kabla ya kusaga au baada yake? Hiliki hupimwa na maganda au bila maganda? Bibi alicheka mara nyingi, akajibu yote. Wiki ile sinia ya Maskati ilitoka kama ilivyotakiwa, na mama mkwe akaomba kipande cha pili.

Mtu asiye na mizani aweza kufanya kama msichana yule. Mifuko ya unga, ya sukari, ya mchele na ya chumvi huandikwa uzito wake. Mtu na ahesabu mfuko mmoja umejaza kikombe chake mara ngapi, agawe gramu za mfuko kwa hesabu hiyo, kisha aandike jibu mahali ambapo halitapotea, ndani ya mlango wa kabati ikiwezekana. Kazi hii hufanywa mara moja tu kwa kila kitu. Lakini yampasa kuandika pia alivyojaza: kwa kijiko au kwa kuchovya, mfuto au tele, kikavu au kilicholowa, kizima au kilichosagwa. Hesabu isiyo na maneno hayo ni nusu ya hesabu.

Tena iko siku moja ambayo kipimo si jambo la mkate. Mtoto akishikwa na tumbo la kuhara, maji na chumvi za mwili humtoka upesi, naye aweza kufa kwa ukavu kabla ya ugonjwa wenyewe kumwua. Dawa yake ya kwanza ni unga wa pakiti utolewao katika vituo vya afya na maduka ya dawa, uchanganywao na lita moja ya maji safi. Tangu mwaka 2002 pakiti iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ina gramu 13 na nusu za sukari ya glukosi na gramu 2 na sehemu 6 za chumvi ya kawaida, pamoja na chumvi nyingine mbili. Watu walioifanya waliipima kwa mizani nyepesi sana, kwa sababu nafasi ya kukosea ni ndogo. Chumvi ikipungua, maji hayashiki mwilini vizuri. Chumvi ikizidi, humdhuru mtoto kwa kadiri ya kuzidi kwake, na mtoto mchanga hawezi kusema.

Pakiti ikikosekana usiku, na kituo cha afya kiko mbali, nyumbani kuna sukari, chumvi na kijiko cha chai. Mafundisho ya afya husema sukari vijiko 6 na chumvi nusu kijiko katika lita moja ya maji safi. Nusu kijiko cha chumvi laini, cha mfuto, ni kama gramu 3, na hapo hesabu ya kijiko na hesabu ya mizani hukaribiana. Lakini kijiko hicho hicho kikijazwa tele huchukua karibu mara mbili, na mtu mwenye hofu, mtoto akilia mkononi, hutia tele bila kujua, akidhani dawa nyingi huponya upesi. Kwa hiyo wauguzi huwaonyesha akina mama jambo moja kabla ya mengine yote. Kijiko hujazwa chumvi. Kisha mgongo wa kisu hupitishwa juu ya ukingo wake, toka mpinini mpaka nchani, na iliyozidi huanguka mezani. Iliyobaki hugawanywa katikati kwa ncha ya kisu, nusu moja hurudishwa katika kopo la chumvi, na nusu ya pili hutiwa katika maji. Mama huonja kabla ya kumpa mtoto. Ladha ya chumvi isizidi ile ya machozi. Ikizidi, maji hayo humwagwa, na mengine hutengenezwa. Mtoto hunyweshwa kidogo kidogo kwa kijiko, na alfajiri hupelekwa kwa mganga.